Geji inashuka ila uvujaji hauonekani

Wakuu, gesi ya nyumba ilikatwa, sasa fundi kajaza upepo kwenye mabomba apime kama yanavuja kabla hatujarudishiwa, geji ya presha inashuka polepole na kila jointi kapaka povu la sabuni haoni kitu. Shida nini?

— Jiko na hita kazitoa kwenye laini akaziba na plagi? Valvu ya jiko ndo huwa inavujisha, tena presha ya kupimia inaweza kuiua kabisa.

— Apake sabuni na pale alipofunga geji yenyewe, wengi wanapasahau. Halafu upepo wa kompresa unaingia na joto, ukipoa presha inashuka hata kama hakuna tundu, asubiri utulie ndo aanze kusoma.

— Kupimia na naitrojeni badala ya upepo pia poa, ila oksijeni asithubutu, huo ni mlipuko.