Mshahara wa yeni 212,000 katika mkoa wa Kochi, Japani: je, ni haki kwa mgeni anayeanza kazi?

Mhitimu wa Kasarani aliuliza:

Hamjambo wenzangu. Nina umri wa miaka 24, nilihitimu shahada ya sayansi ya kompyuta hapa Nairobi mwaka jana, na Kijapani changu kimefika kiwango cha N3, yaani cha kati katika mtihani wa lugha hiyo wenye ngazi tano, N5 hadi N1. Wiki iliyopita nilipokea barua ya kazi kutoka kwa kampuni ndogo iliyo katika mji mdogo wa mkoa wa Kochi, kisiwani Shikoku. Kampuni hiyo hutengeneza mifumo ya kudhibiti joto na maji katika vibanda vya kukuzia mboga, na inataka niripoti kazini mwezi wa Julai.

Barua inasema mshahara ni yeni 212,000 kwa mwezi, na kwamba ndani yake mna yeni 173,000 za mshahara wa msingi na yeni 39,000 za malipo ya saa za ziada yasiyobadilika, ambayo ni ya saa 30. Kazi ni saa 8 kwa siku, na siku za mapumziko ni 110 kwa mwaka. Bonasi ni mara mbili kwa mwaka "kulingana na hali ya biashara". Kampuni itanitafutia nyumba na kukata yeni 20,000 za kodi ya nyumba kila mwezi.

Nilipobadilisha yeni hizo kuwa shilingi nilipata kama 175,000, na nyumbani wote walishangilia, kwa kuwa kazi niliyoahidiwa Westlands ni ya shilingi 85,000. Hata hivyo, rafiki mmoja ameniambia kwamba hicho ni kiwango cha chini mno. Ningependa kutuma pesa kwa mama yangu aliye Kitui, mwenye umri wa miaka 58, na kumlipia karo mdogo wangu. Naomba mnisaidie kuipima barua hii kabla sijaitia sahihi.

Mkenya wa Shikoku alijibu:

Hongera, ndugu yangu, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kutia sahihi. Mimi nimeishi kisiwa hiki hiki kwa miaka kadhaa, na barua yangu ya kwanza ilifanana na yako sana. Niliisoma kama ulivyoisoma wewe, nikaigeuza shilingi, nikafurahi. Siku ya mshahara wa kwanza nilipewa karatasi iliyogandishwa pembeni, ile ambayo huchanwa kwa kufuata vitobo, nikaifungua nikiwa kituo cha basi. Nilisimama pale nikihesabu makato hadi basi likaniacha.

Kwa hiyo weka shilingi kando kwanza. Mshahara wa Japani hupimwa kwa saa, na kipimo chenyewe ni kima cha chini cha mshahara cha mkoa, kilichowekwa kisheria. Kila mkoa una chake. Cha Kochi kilikuwa yeni 952 kwa saa, kisha kilipandishwa hadi yeni 1,023 kwa uamuzi wa mwaka 2025, na ni miongoni mwa vile vya chini kabisa nchini, sawa na Miyazaki na Okinawa. Tokyo ni yeni 1,226.

Sasa chukua mshahara wa msingi peke yake, yaani yeni 173,000, kwa sababu malipo ya saa za ziada na bonasi hayahesabiwi katika kima cha chini. Ukiondoa siku 110 za mapumziko kutoka siku 365, zinabaki siku 255 za kazi. Zidisha kwa saa 8 upate saa 2,040 kwa mwaka, sawa na saa 170 kwa mwezi. Gawanya 173,000 kwa 170, utapata yeni 1,017 na kidogo. Hiyo ni chini ya 1,023. Kwa maneno mengine, barua yako, kwa jinsi ulivyoieleza, haifiki hata kima cha chini cha mkoa ambao kima chake ni cha chini kuliko karibu mikoa yote. Upungufu ni kama yeni 900 kwa mwezi. Si pesa nyingi, lakini sheria haiangalii wingi.

Sisemi kwamba kampuni ina nia mbaya. Huenda walinakili barua ya mwaka uliopita, ambapo kwa kiwango cha yeni 952 hesabu hiyo ingepita bila shida. Ila usione aibu kuwauliza, tena kwa maandishi na kwa upole: wastani wa saa za kazi kwa mwezi ni ngapi, na Mjapani anayeanza kazi hiyo hiyo hapo kwenu hulipwa msingi wa kiasi gani? Swali la pili una haki nalo kabisa, kwa kuwa sharti la visa ya kazi ya kitaalamu ni kwamba mgeni alipwe sawa na Mjapani anayefanya kazi hiyo au zaidi. Kwa kulinganisha, takwimu za wizara ya kazi ya Japani za mwaka 2024 zilionyesha kwamba mhitimu wa chuo kikuu alianza kwa wastani wa yeni 248,300 nchini kote, bila saa za ziada. Mikoani mshahara huwa mdogo, hilo ni kweli, lakini linganisha takwimu hiyo na 173,000 zako, wala si 212,000.

Kuhusu zile saa 30, zielewe hivi: zimelipiwa hata usipozifanya, na ukizipita, kampuni inapaswa kukulipa ziada yake. Kuna waajiri wanaosahau sehemu ya pili. Andika saa zako mwenyewe kila siku katika daftari.

Makato: pensheni ni asilimia 9.15, bima ya afya ni karibu asilimia 5, kisha bima ndogo ya ajira na kodi ya mapato. Kwa mshahara wako tarajia kupokea kama yeni 175,000 kabla ya kodi ya nyumba. Halafu kuna kodi ya wakaazi, yaani ile ya mji na mkoa unapoishi, ambayo huwanasa wageni wengi bila kutarajia, kwa sababu hutozwa kwa kipato cha mwaka uliotangulia na huanza kukatwa mwezi wa Juni. Wewe ukifika Julai 2026, kipato cha miezi 6 kitakuwa kidogo sana kwa kodi hiyo. Uzito wake utausikia Juni 2028, takriban yeni 7,000 hadi 8,000 kila mwezi. Usijizoeze matumizi ambayo hutayamudu wakati huo.

Pensheni haipotei yote. Ukiondoka baada ya angalau miezi 6 ya kuchangia unaweza kudai malipo ya mkupuo, mradi uyadai ndani ya miaka 2 tangu uondoke. Kwa mshahara kama wako, miaka 3 ya kuchangia hutoa kama yeni 726,000, ambazo hukatwa kodi ya asilimia 20.42.

Mwisho, gari. Katika mji mdogo wa Kochi basi linaweza kupita mara chache tu kwa siku, na duka liko mbali. Waulize kama kampuni itakupa gari au itakuacha ununue.

Mhasibu wa Buruburu alijibu:

Mdogo wangu, kaka hapo juu amekupa hesabu ya Japani vizuri, nami nitasema juu ya pesa utakazotuma nyumbani, kwa sababu kazi yangu ni kuandaa mishahara na nimeona watu wengi wakipanga maisha ya familia juu ya kiwango cha fedha cha siku moja.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 yeni moja ilikaribiana na shilingi moja. Januari 2024, shilingi yetu ilipodhoofika hadi karibu 160 kwa dola, yeni 50,000 zilileta takriban shilingi 54,000. Leo yeni hizo hizo zinaleta kama shilingi 41,000. Mtu aliyekuwa Japani muda huo wote hakupunguziwa mshahara hata senti moja, lakini mama yake aliona pesa zikipungua na huenda alidhani mwanawe ameanza kuwa mchoyo. Kwa hivyo mwahidi mama kiasi cha yeni, umweleze mapema kwamba shilingi zitapanda na kushuka, na karo ya mdogo wako uiwekee akiba ya muhula mmoja mbele.

Jambo la pili ni majina kwenye risiti. Sheria ya kodi ya Japani inaweza kukupunguzia kodi kwa sababu ya mzazi anayekutegemea akiwa nje ya nchi, lakini tangu 2023, mtegemezi mwenye umri wa miaka 30 hadi 69 anakubaliwa tu ikiwa alihama Japani kwenda kusoma nje, ana ulemavu, au umemtumia angalau yeni 380,000 kwa mwaka kwa matumizi yake. Mama yako yumo katika umri huo. Ni lazima uthibitishe kwamba pesa zilimfikia yeye mwenyewe, na kila mtegemezi ahesabiwe peke yake. Ukizoea kutuma zote kwa simu ya mjomba ili azigawe, hutakuwa na cha kuonyesha. Akaunti iwe ya mama, kwa jina lililo katika kitambulisho chake, herufi kwa herufi.

Aliyerudi Lang'ata alijibu:

Nakubaliana na hesabu zote, ila sitaki uikatae safari kwa sababu ya yeni 900. Nilifanya kazi huko kwa visa ya aina hiyo hiyo, na visa hiyo haikufungi kwa mwajiri mmoja. Unaweza kuhamia kampuni nyingine katika fani yako, mradi uiarifu idara ya uhamiaji ndani ya siku 14. Miaka 2 ya kazi na cheti cha N2 vitakubadilishia mazungumzo ya mshahara kabisa. Kwangu mimi swali zito ni kama utajifunza kazi ya kweli pale, au utakuwa wa kubeba mabomba vibandani. Waombe wakueleze siku ya kawaida ya mfanyakazi mpya, asubuhi hadi jioni.

Kuhusu gari: kama huna leseni, anza leo. Leseni ya Kenya hubadilishwa kule kwa mtihani wa maandishi na wa barabarani, na ni sharti uthibitishe kwamba uliishi Kenya kwa angalau miezi 3 baada ya kuipata. Ukiipata Mei na kuondoka Julai, haitakufaa. Angalau tunaendesha upande mmoja wa barabara, na magari yetu mengi bado huzungumza Kijapani yakiwashwa.

Mhitimu wa Kasarani aliandika baada ya siku sita:

Kaka wa Shikoku, dada Mhasibu, na wewe wa Lang'ata, asanteni kwa moyo wote. Niliandika barua pepe kwa Kijapani, mwalimu wangu akaisahihisha, nikaweka ile hesabu ya 2,040 ndani yake bila kulalamika. Walijibu baada ya siku 4. Walikiri kwamba walitumia kiwango cha zamani, wakaomba radhi, na wakasema kwamba Mjapani aliyeanza mwaka jana alipewa msingi wa yeni 185,000. Sasa wananipa hizo 185,000 pamoja na yeni 41,000 za saa 30 za ziada. Kuhusu bonasi, walisema mwaka jana walitoa mara moja tu, kiasi cha mshahara wa mwezi mmoja, kwa hiyo nimeiondoa katika mipango yangu.

Siku ya kawaida waliyoieleza ni nusu ofisini kwenye programu na nusu vibandani kurekebisha vipima joto, jambo ambalo linanipendeza. Gari la kampuni lipo, lakini ni la saa za kazi tu. Sijatia sahihi, kwa kuwa nangoja barua mpya yenye takwimu hizo kwa maandishi. Mama amefungua akaunti Kitui kwa jina lake kamili. Nami leo asubuhi nimejiandikisha katika shule ya udereva hapa Kasarani, na somo la kwanza ni Jumatatu.