Jaribio la mzigo lilipita Novemba, Desemba mfumo ukaganda. Mazingira ya kupimia yafananeje na ya kweli?

KondaMstaafu
Wakuu, habari za majukumu. Natunza mfumo wa kukatia tiketi za mabasi ya Dar kwenda Moshi na Arusha. Nyuma ni Java na hifadhidata ya PostgreSQL, malipo ni kwa simu. Wiki ya kuamkia Krismasi mfumo uliganda asubuhi, watu wakigombea siti. Kinachoniumiza kichwa ni kwamba Novemba tuliupima kwa JMeter (programu ya kutuma mzigo wa majaribio), watumiaji 500 wa bandia, na haukutetereka. Mazingira ya majaribio ni seva moja ndogo, data ya kutunga, mabasi 200, na malipo yanajibu "imefanikiwa" papo hapo. Bosi anataka safari hii tupime kwenye mazingira yanayofanana na ya kweli. Yafanane kwa kiasi gani? Kunakili seva zote hatuwezi, bajeti yenyewe ya kuungaunga.

Jembe_Mkononi
Kodi seva mbili kubwa zenye RAM ya kutosha, umemaliza. Mengine ni mbwembwe.

MamaSeva
Jembe, seva kubwa itaganda vilevile, tofauti itakuwa kwenye bili.

Mkuu Konda, tatizo umeshaliandika mwenyewe: "mabasi 200". Nani anasafiri hivyo? Wachaga wakirudi nyumbani wanataka basi la tarehe 22 au 23, la alfajiri, siti ya dirishani, isiwe ya nyuma kabisa. Skripti yako ikichagua basi kwa bahati nasibu, hao 500 ni nadra kukutana. Desemba watu 300 wanavamia safu chache zilezile za jedwali la siti. Kama mnashika siti kwa SELECT ... FOR UPDATE (amri inayoifunga safu hadi muamala uishe), kila mmoja anamsubiri aliyemtangulia amalize. Foleni hiyo huioni kwenye CPU. Grafu zinaonyesha seva imelala, huku simu za ofisini hazikatiki.

Sasa malipo, na hapa ndipo ningeweka pesa yangu. Mteja wa kweli anapata ombi la namba ya siri, anatafuta miwani, anamuuliza mkewe kama salio linatosha, anajibu baada ya nusu dakika. Mwingine hajibu kabisa. Je, muda wote huo mmeuacha muamala wa hifadhidata wazi? Kama mnatumia HikariCP (maktaba ya Java inayotunza bwawa la konekisheni za hifadhidata) na hamjagusa mpangilio wake, bwawa lina konekisheni 10. Kila moja ikishikwa sekunde 30, programu inahudumia mteja mmoja kila sekunde tatu. Mkiongeza bwawa, PostgreSQL yenyewe bila kubadilishwa inaishia konekisheni 100, yaani wateja watatu na kidogo kwa sekunde, hata mkinunua seva yenye ukubwa wa basi. Malipo yanayojibu papo hapo yaliwaficha hilo. Jaribio likiwa linaendelea, fungua pg_stat_activity (orodha ya konekisheni za PostgreSQL) uhesabu zilizoandikwa "idle in transaction", yaani muamala uko wazi lakini haufanyi kitu.

Kwa hiyo andikeni mtoa malipo wa bandia anayechelewa kama wa kweli. Muda wa kuchelewa uchukueni kwenye logi zenu za Desemba, msiukisie. Majibu mengine yaje mara mbili, mengine yaje siti ikiwa imeshaachiwa na kuuzwa kwa mwingine. Na msielekeze mzigo kwenye mazingira ya majaribio ya kampuni ya simu! Mtafungiwa, na kabla ya hapo mtakuwa mnapima uwezo wao, si wenu.

Data rejesheni kutoka bakapu. Jedwali la safu 2,000 linakaa lote kwenye kumbukumbu na PostgreSQL inaweza kulisoma zima bila kuhangaika na indeksi. Likifika milioni kadhaa, njia ya kusoma inabadilika. Ila ficheni majina na namba za simu kwanza, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihusu hata zikiwa kwenye seva ya majaribio. Namba moja igeuzwe kuwa ileile katika kila jedwali, la sivyo msafiri na tiketi yake watapotezana.

NaiCoder
Niko Nairobi, naongezea mawili. Konda, angalia aina ya mashine. Zile za jamii ya T2 za Amazon zinaishi kwa krediti za CPU (akiba inayoziruhusu kukimbia kuliko kawaida kwa muda): t2.medium kiwango chake cha kudumu ni asilimia 20 kwa kila kiini, krediti zikiisha inarudi hapo. Jaribio la dakika kumi litakudanganya. La pili, usiendeshe JMeter kwenye mashine ileile unayoipima. Vinagombania CPU, na hutajua nani alichoka kwanza.

KondaMstaafu
Asanteni sana. MamaSeva, nimefungua msimbo (code) nilioukuta, muamala kweli unabaki wazi hadi malipo yajibu. Tunaanza kuurekebisha. Sasa seva za programu tunazo nne. Nikiweka moja kwenye majaribio nikazidisha matokeo kwa nne, nitakuwa nimekosea?

MamaSeva
Utakuwa umekosea. Seva nne zinagombea hifadhidata moja na siti zilezile, kwa hiyo hesabu hainyooki. Mahali pa kubana matumizi ni muda: kodini seva zote nne na hifadhidata ya ukubwa uleule kwa saa chache za usiku, pimeni, futeni. Mipangilio yote inakiliwa ilivyo, hadi ukubwa wa bwawa.

Hao "watumiaji 500" nao waacheni. Kila mmoja anangoja jibu ndipo atume ombi jingine, kwa hiyo mfumo ukichoka na mzigo unapungua. Abiria wa Desemba hana huruma hiyo, anafika tu. Tumieni k6 (zana nyingine ya kupima mzigo) kwa ramping-arrival-rate, muweke idadi ya wanaofika kwa sekunde. Mchanganyiko utoke kwenye logi: wengi wanatazama ramani ya siti tu, na mawakala wa stendi ya Mbezi wanaifungua upya kila mara.

Na kila mkirudia, rejesheni hifadhidata ilivyokuwa. Mzunguko wa kwanza ukishauza siti zote, wa pili utapima jinsi mfumo unavyosema "basi limejaa", na kwa hilo hata seva yenu ndogo itaonekana ina kasi ya ajabu.