Naomba ushauri: wakulima wa Kongwa wakubali vipi miti ndani ya mashamba ya mtama?

Ugani_Kongwa:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni afisa ugani katika kata mojawapo ya Wilaya ya Kongwa, ambako mvua ni ya msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili. Tunagawa miche kila mwaka, lakini mingi hukauka wakati wa kiangazi, na inayosalia humalizwa na mifugo inayoachiwa mashambani baada ya mavuno. Wakulima hawabishi kwamba upepo na maji vinachukua udongo wao; wanachokataa ni mti kusimama katikati ya mtama, kwa kuwa unatia kivuli, unamsumbua anayelima kwa plau, na unawapa kwelea kwelea, wale ndege walao nafaka, mahali pa kutua. Hoja zao naziheshimu. Nianzie wapi?

Mzee_wa_Mpwapwa:
Bwana shamba, pumzisha miche kwanza, uangalie visiki vilivyomo shambani. Mizizi yake imekwishafika chini kwenye unyevu, ndiyo maana huchipua kila mwaka ingawa hufyekwa kila mwaka. Hapa kwetu tunaita kisiki hai: unachagua machipukizi machache yaliyonyooka, unaondoa mengine, unapunguza matawi ya chini ili mwanga uifikie mimea, kisha unafunga kitambaa ili kila apitaye ajue kwamba mti huo unatunzwa. Kule Niger, wakulima walirudisha miti kwa njia hiyo kwenye hekta zinazokadiriwa kufikia milioni 5. Mwenye plau achague visiki vinavyofuata mstari wa kulimia. Akiwa na mti wa mkababu, asiukate kabisa, kwani hupukutisha majani wakati wa mvua, hivyo hauutii mtama kivuli cha kulalamikiwa, na maganda yake hulisha mbuzi kiangazi.

Mama_Karanga:
Ushauri wa mzee ni mzuri, ila mimi naona kikwazo kikubwa kiko kwenye umiliki. Wengi wetu tunalima mashamba ya kukodi, na mpangaji hawezi kutunza mti ambao mwenye shamba atakuja kuukatia mkaa. Wakutanishe wote wawili, makubaliano yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Suala la mifugo lipelekeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, itungwe sheria ndogo, halafu halmashauri ya wilaya iidhinishe; na wafugaji washirikishwe tangu mwanzo, maana sheria iliyotungwa bila wao haitalinda hata chipukizi moja.

Ugani_Kongwa:
Nawashukuru sana. Hilo la mashamba ya kukodi sikuwa nimelipa uzito unaostahili. Na kwelea kwelea je?

Mzee_wa_Mpwapwa:
Hao hupenda kulala na kuzaliana kwenye vichaka vizito vya miiba na kwenye matete. Mti uliopogolewa, uliosimama peke yake, hauwafai kwa makazi. Hata hivyo, usibishane na mwenye hofu. Mwombe aanzie kwenye shamba la karanga au mbaazi, na kazi ya kupogolea aifanye kiangazi, wakati ana nafasi na nyumbani kuni zinahitajika.