Waheshimiwa wabunge, mfumo ukikosea mwananchi anakwenda kwa nani? Mbona hamuulizi?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naliweka hapa lote.

Serikali ikileta mfumo mpya, uwe wa kulipa mafao, wa kusajili watu, au hii akili mnemba ya kuamua nani ahudumiwe kwanza, mambo huwa yaleyale. Mkandarasi anaingia kwenye kamati na skrini kubwa, anabonyeza, linatokea jina la mtu wa kubuni, kila kitu kijani. Makofi. Swali la kwanza: unaanza lini? La pili: utafika jimboni kwangu? Fedha zimepita. Nimewahi kukaa viti vya nyuma kwenye kikao cha namna hiyo nikihesabu maswali. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mfumo ukimkosea mtu atalalamika wapi, na nani atamwamini.

Hilo ndilo swali la mbunge! Mhandisi anaangalia kama mtambo unafanya kazi, waziri ana haraka ya kuzindua, mkandarasi anasubiri malipo. Humo ndani, aliyetumwa na huyu atakayeumia ni mbunge peke yake, na ndiye aliyekaa kimya.

Na msiniambie "sisi hatukusomea kompyuta". Kuanzia 2016 serikali ya Australia ilitumia mfumo uliochukua mapato ya mtu ya mwaka mzima, ukayagawa sawasawa kwa vipindi vya wiki mbilimbili, halafu ukamdai arudishe posho aliyokuwa amelipwa. Aliyefanya kazi miezi sita na kukosa kazi miezi sita akahesabiwa kwamba alikuwa na kipato muda wote. Hapo kuna uhandisi gani? Ni kugawanya kwa 26. Yeyote aliyewahi kuongea na kibarua angeuona ubovu ule siku ya kwanza, kama angeuliza tu deni linakokotolewaje. Ilifika 2019 ndipo serikali ikakubali mahakamani kwamba deni la namna ile halikuwa halali.

Ila kinachonichoma zaidi ni cha Uingereza. Mwaka 1999 mfumo wa hesabu uitwao Horizon ulianza kufungwa kwenye ofisi za posta. Mwaka huohuo bunge likapitisha sheria iliyofuta kifungu kilichomtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta aonyeshe kwanza kwamba kompyuta yenyewe ilikuwa inafanya kazi sawasawa. Sidai walikusudia mabaya, kifungu kilionekana ni kero tu. Lakini tangu hapo mahakama zikawa zinachukulia kwamba mashine iko sawa mpaka mshtakiwa aonyeshe kasoro. Sasa msimamizi wa posta ndogo ataonyeshaje kasoro ya programu ambayo haruhusiwi hata kuona ilivyoandikwa? Mfumo ukisema fedha zimepungua, basi ni mwizi. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani. Wapo waliofungwa, waliouza nyumba kulipa fedha ambazo hazikuwahi kupotea, na waliojiua. Mwaka 2024 bunge lilelile likalazimika kutunga sheria ya kufuta hukumu zile kwa mkupuo. Miaka 25! Waliokufa katikati hawakuisikia.

Kwa hiyo mtu akiniambia kutathmini teknolojia ni kazi ya wataalamu, mbunge abaki kwenye barabara na maji, damu inanichemka. Kifungu kile hakikufutwa na wataalamu wa kompyuta. Walikifuta wabunge kwa kura zao.

Inawezekana kufanya vingine. Uholanzi, wazazi walipokuwa wanaitwa wadanganyifu wa posho za malezi ya watoto, wabunge Pieter Omtzigt na Renske Leijten waliuliza, wakajibiwa nusu, wakauliza tena. Wazazi walikuwa wanapewa majalada yao kurasa zimepakwa wino mweusi. Wabunge hawa wawili hawakuchoka, na Januari 2021 serikali nzima ikajiuzulu.

Kama shida ni utaalamu, bunge lijiajirie wake, wasiolipwa na wizara wala muuzaji. Bunge la Marekani lilikuwa na ofisi yake ya kutathmini teknolojia tangu 1972, halafu mwaka 1995 wabunge wenyewe wakainyima fedha, ikafa. Ujerumani wanayo tangu 1990 na bado inafanya kazi. Ukilinganisha na thamani ya mkataba mmoja wa mfumo mbovu, gharama ya ofisi kama hiyo ni ndogo mno, na sitaki kusikia hoja ya bajeti.

Ninachodai si kikubwa. Kabla ya kupitisha shilingi, mkataba uletwe mezani, pamoja na ripoti ya majaribio yaliyofanywa na mtu asiye muuzaji. Iandikwe ndani ya sheria kwamba mwananchi aliyekataliwa na mfumo ana haki ya kupewa sababu na kusikilizwa na binadamu mwenye mamlaka ya kubadilisha uamuzi. Na mzigo wa kuthibitisha ubaki kwa mwenye mashine.

Aliyewahi kuambiwa "kompyuta imekataa" aandike hapa chini: alikwenda kwa nani, ilichukua muda gani, na kama alilipwa alichopoteza. Msitaje majina ya watu. Nakusanya majibu yenu nimwandikie mbunge wangu barua, na jibu lake nitalibandika kwenye uzi huuhuu. Asipojibu, nitabandika tarehe aliyoipokea.