Moto (pikipiki) inakunywa mafuta ya moteri na inachemka, naomba ushauri

Bandugu na bakubwa ba mekano, jambo. Niko na moto ya 125 hapa Goma, ile ya kupozwa na upepo tu, nafanya nayo taksi. Sasa moteri iko inakunywa mafuta vibaya, naijaza mpaka alama ya juu kwenye kijiti, juma haliishi iko chini kabisa, na inje ya moteri hakuna hata tone. Mpaka Sake haina shida, ila kupanda ile milima ya Masisi na mzigo inachemka mpaka mguu unasikia, nguvu inapotea, nikiiacha ipoe kidogo inarudi. Asubuhi nikiwasha inatoa moshi wa bluu kisha unaisha. Buji (plagi) nikaitoa, nyeusi tena imelowa mafuta.

Mekano mmoja anasema segma (zile pete za pistoni), tufungue silinda. Mwingine anasema ni vile vimpira vya valvu, kwa sababu moshi ni wa asubuhi tu, huyu ndiye namwamini zaidi. Wa tatu eti nitie mafuta ya gari! Nilikataa, klachi ya moto inaogelea ndani ya mafuta hayo hayo, mengine ya gari yanaiterezesha. Natumia 20W-50.

Nasikia unapima kompresyo (mgandamizo ndani ya silinda), unatia mafuta kidogo kwa tundu la buji, unapima tena, ikipanda ni segma. Nani iko na hicho kipimo upande wa Ndosho ao Katindo? Na nikiongeza tu mafuta kila asubuhi naweza kuendelea kazi ao nitaua silinda? Bosi anangoja pesa yake kila jioni.