Mtoto aliyekuwa akiniita baba sasa hanisemeshi, naombeni ushauri

Shalom wapendwa.

Nina mwaka mmoja na nusu nikihudumu kila Jumamosi kwenye kituo cha yatima, kupitia idara ya watoto kanisani kwetu. Nimepewa watoto 5 wa kuwa karibu nao: tunasoma Neno, tunacheza, tunafanya hesabu za shule. Mmoja wao, wa miaka 9, alianza kuniita baba wiki ya pili tu. Sikumkataza. Niseme kweli, nilifurahi.

Kila nikifika alikuwa anaushika mkono wangu wenye saa na kuuliza, "Mshale mrefu ukifika wapi unaondoka?" Namwonyesha. Anakwenda kucheza, lakini baada ya muda anarudi kuitazama.

Miezi miwili iliyopita niliugua, nikakosa Jumamosi 3 mfululizo. Nilimpigia msimamizi, ila watoto hawakuambiwa. Niliporudi hakuja kwenye saa. Alikaa akinipa mgongo. Wiki iliyofuata somo lilikuwa "Mungu ni Baba yetu", na katikati yake akasema, bila kupaza sauti, "Basi naye ataondoka." Wenzake wakanyamaza. Nilikosa la kusema, nikaanzisha wimbo.

Niendelee au nimwachie mwingine? Na huyu Mungu Baba nimfundisheje kwa mtoto ambaye neno lenyewe linamuuma?

MamaMlezi
Pole sana kaka yangu. Nimelea watoto kituoni miaka 11. Usimwachie mwingine, atahesabu kwamba umeondoka mara ya pili. Mtoto akikuita baba wiki ya pili, jua anatafuta pa kujishikiza. Wapo wanaomkumbatia kila mgeni anayeingia getini, nasi tunadhani wametupenda.

Kaa naye mahali mnapoonekana na watu, umwambie kwa kinywa chako: niliugua, sikukukimbia, na wewe hukukosea. Watoto hawa hujitwika lawama, kila anayeondoka kaondoka kwa utukutu wao. Usimwombe akusamehe papo hapo, usimpelekee zawadi ya kumtuliza. Mwandikie tarehe utakazokuja. Kama kila wiki huiwezi, andika mara mbili kwa mwezi, ila zitimize. Ukikwama, aambiwe siku hiyo hiyo na mlezi wake.

Askari_wa_Maombi
Mtumishi, hiyo ni roho ya kukataliwa. Funga siku 3, mwekee mikono, uivunje. Mengine ni hekima ya kibinadamu.

Nililelewa_Humo
Naomba nimjibu ndugu hapo juu kwa upole, maana maombi ndiyo yaliyonishika hadi leo. Niliingia kituoni nikiwa na miaka 6, kikojozi. Watumishi fulani wakanisimamisha mbele ya wenzangu, wakakemea pepo wa kukojoa. Usiku ule nilikojoa tena. Asubuhi, nikiwa nimeshika shuka lililolowa, niliamini kwamba hata Yesu kanishindwa. Nimelibeba hilo hadi ukubwani. Mwombeeni mtoto, lakini mpigieni magoti huko majumbani kwenu, msimfanye tamasha.

Tena wageni walipenda kutuuliza wazazi wetu walikufaje. Nilisimulia kifo cha mama mara nyingi mpaka kikawa kama shairi la darasani, nalighani huku nawaza mpira. Mleta uzi, usimuulize. Akitaka atasema. Aliyenisaidia mimi ni mwalimu mmoja wa kanisani aliyekuja kila Jumatano kunifundisha kugawanya. Hakuhubiri sana. Ila alikuwa anakumbuka wiki iliyopita tuliishia wapi.

Mwalimu_wa_Jumapili
Kuhusu somo: Biblia haikulazimishi uanzie kwenye ubaba. Mefiboshethi, mjukuu wa mfalme Sauli, alikuwa na miaka 5 yaya alipokimbia naye, akaanguka akawa kiwete. Miaka mingi baadaye Daudi anamtafuta na kumketisha mezani pake, lakini sura inaisha na miguu yake iko vilevile (2 Samweli 9). Nikifika kwenye ile miguu, darasa langu hutulia tuli. Esta alilelewa na Mordekai, binamu yake. Elia alipojiombea kufa, malaika alimpa chakula, akamwacha alale tena, akamlisha tena, ndipo akamtajia safari. Kwa mtoto mkubwa mwenye hasira, kuna Zaburi ya 88 inayoishia gizani bila neno la shukrani. Aone kwamba kilio cha namna hiyo nacho kimeandikwa. Zaburi 68:5, Baba wa yatima, itangoja zamu yake.

Na ule wimbo, ndugu yangu, ulimfunga mdomo. Ungesema tu "naona inauma", mkakaa. Marafiki wa Ayubu walikaa naye siku 7 kimya na hawakukosea. Makosa yalianza walipoanza kusema. Tafadhali pia asisikie kwa mtu kwamba Mungu aliwachukua wazazi wake kwa kuwa aliwapenda zaidi. Atamwogopa.

Ustawi_wa_Mtoto
Akikueleza kwamba kuna mtu anamdhuru, usimwahidi kuficha. Usimhoji pia. Andika maneno yake yalivyo, uyafikishe kwa wahusika siku hiyo hiyo.

Halafu uliza kituoni kama ana ndugu. UNICEF humhesabu yatima hata aliyepoteza mzazi mmoja, kwa hiyo wengi wana mama au baba aliye hai. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala, yaani ya watoto wasiolelewa na wazazi wao, unasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia yake. Makanisa tunachangia majengo ya vituo na kumsahau bibi ambaye angesaidiwa kidogo tu angemlea mjukuu wake.

Mleta uzi
Mungu awabariki. Jumamosi tulikaa kwenye ngazi za bweni, nikamweleza. Hakujibu. Nikampa kadi niliyoandika tarehe, Jumamosi ya kwanza na ya tatu hadi mwisho wa mwaka. Hakuitazama. Aliikunja mara nne akaitia ndani ya soksi. Msimamizi anasema yupo shangazi, hakuna aliyewahi kumfuata. Nitakwenda na afisa wa ustawi. Nilipokuwa naaga, akiwa bado amenipa mgongo, aliuliza kama saa yangu inafanya kazi.

Nililelewa_Humo
Ukifika tarehe hiyo, usimuulize kadi iko wapi. Mpe mkono wenye saa.