Mama wa nyumbani hana kazi?

MAMA WA UJIJI: Wiki jana nilimpeleka kitinda mimba wangu kliniki. Aliyekuwa anaandikisha akaniuliza kazi, nikamjibu niko nyumbani. Akaandika "hana". Niliiona kalamu ikipita, na neno lile limenikaa rohoni mpaka leo.

Nilikuwa na meza ya vitenge soko la Mwanga, hapa Kigoma, miaka sita. Niliiacha kwa hiari yangu, sikufukuzwa na mume wala na hasara. Umande haujakauka nimeshafagia uwanja, chai iko jikoni, naanika dagaa. Na dagaa si wa kuanika ukasahau: unawageuza, unafukuza kuku, wingu likijikusanya unakimbia nao ndani. Ila siku ya mawese ndiyo naipenda kuliko zote. Chikichi zikishachemka tunazitwanga, tunakamua, mise, yaani kokwa zake, tunaziweka kando maana nazo zina mafuta yake. Kisha mafuta yanarudi motoni mpaka maji yaishe na sufuria iache kutoa kelele. Watoto wamekaa pembeni, kila mmoja na kipande chake cha muhogo, wanasubiri kuchovya. Saa ile sitamani kuwa kwingine kokote.

Dada zangu wasomi wanasema naridhika kwa kuwa sijui kingine. Kingine nakijua, nimekifanya miaka sita. Mtu mzima akichagua nyumba, kosa liko wapi?

MVUVI WA KIBIRIZI: Dada, mimi nilikuwa wa kusema mke wangu anashinda bure. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika likafungwa, Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wazaliane. Mapumziko niliyozoea ni ya mbalamwezi, taa zetu zisipovuta dagaa, siku chache, nazimaliza kwa usingizi. Miezi mitatu hailaliki. Nilimwona anaamka kabla yangu na kulala baada yangu, kila siku. Neno lile sijalirudia.

BINTI WA MWANGA: Shikamoo mama. Kwa heshima zote, napinga. Mama yangu naye aliridhika hivyo hivyo. Ndoa ilipovunjika, nyumba aliyoipiga deki miaka ishirini ikawa ya baba. Mtanijibu sheria ipo. Ipo kweli: kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, na kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa alionekana ametapanya fedha alizopewa na mumewe. Mchango wako unakuja kupimwa siku mmeshagombana. Samahani kwa swali: kiwanja chenu kina jina la nani?

MAMA WA UJIJI: Marahaba mwanangu. Kina jina la mume wangu peke yake. Tulikinunua mwaka ule ule nilioacha meza, na sehemu ya hela ilitoka kwenye vitenge vyangu. Sikuwahi kuuliza, niliona kama kuuliza ni kumtilia shaka. Leo jioni nitamuuliza. Ila nyumbani nabaki, na dagaa wangu nawaanika. Mlioandikisha majina mawili, mazungumzo na wenzenu mliyaanzaje?